Uliza Mama Kokoto: Mawe ya ufukweni, watoto na ule mng'ao wa dhahabu

Mwangaluka wasomaji wangu. Tangu shule zifungwe barua za mawe zimekuja nyingi, nadhani kila nyumba yenye watoto hapa Mwanza imeshaenda ziwani angalau mara moja na kila mtoto karudi mifuko ya kaptula imejaa. Nimefurahi kweli. Kwa hiyo wiki hii wale mlioniuliza mambo ya vyungu na vigae mtanisubiri kidogo, nimeweka pembeni yote najibu ya mawe tu.

SWALI: Shikamoo Mama Kokoto. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Buswelu. Jumapili mbili zilizopita tulienda Kayenze na mume wangu, watoto na shemeji yangu, tukatembea tukauacha mwalo nyuma mpaka kule kusiko na watu, ni miamba na mchanga tu. Yule wa mwisho ana miaka sita akaanza kupiga kelele mama dhahabu mama dhahabu, na kweli kila wimbi likirudi mchanga ulikuwa unametameta njano. Tukachota kwenye chupa ya maji. Alafu mkubwa akaokota jiwe jeupe linapitisha mwanga, saizi ya yai la kuku wa kienyeji, shemeji akasema hii almasi kabisa, Mwadui si hapo tu. Sasa kapata mtu anasema atalipima ila anataka laki mbili kwanza. Mume wangu anataka kutoa. Nifanyeje?

JIBU: Marhaba mwanangu. Hiyo laki mbili isitoke ndani ya nyumba. Nakuambia hili mwanzo kabisa ili hata usipomaliza kusoma uwe umeshaliona.

Sasa tuanze na chupa ya mtoto. Ichukue, itikise vizuri, iweke mezani itulie, mwite huyo wa miaka sita mkae mwangalie wote. Vile vinavyometa vinashukaje? Kama vinayumba, vinajigeuza geuza kama jani kavu na vinatua mwisho kabisa juu ya mchanga, huo ni ulanga. Dhahabu haina muda wa kuyumba, uzito wake ni zaidi ya mara 19 ya maji wakati mchanga wa kawaida haufiki hata mara tatu, kwa hiyo dhahabu ikiwa kwenye chupa inapita inaenda kukaa chini ya mchanga wote, pamoja na ile michanga myeusi ya chuma. Alafu chukua kipande kimoja kwa ncha ya sindano ukibonyeze. Ulanga unabanduka tabaka tabaka, jembamba kuliko karatasi, mwisho unabaki unga unaong'aa kwenye kidole. Dhahabu inabonyea tu, haibanduki.

Nitakwambia huo ulanga umetoka wapi maana ukishajua hilo ufukwe wote unausoma kama kitabu. Mi nimekulia Mabatini, mama yangu alikuwa anagonga kokoto na ndo zilizonisomesha. Jiwe kubwa linawashiwa moto juu mpaka linapasuka, alafu nyundo, alafu nyundo ndogo, na sisi watoto tumekaa chini tunapanga debe. Pale nilijifunza kwamba jiwe la Mwanza ndani lina vitu vitatu. Kuna sehemu ya pinki au nyeupe maziwa inayovunjika bapa na ukiigeuza juani inawaka mara moja kama kioo cha kujiangalia, hiyo inaitwa felispa. Kuna sehemu ya kijivu kama chupa chafu, haina bapa, ikivunjika inavunjika kwa kujikunja kama kitako cha chupa, hiyo ni kwatsi. Na kuna madoa meusi yanayometa, huo ndo ulanga. Ukiunganisha vyote unapata graniti, ndo hiyo hiyo ya Bismarck Rock, ya vilima vya Bugando, ya nyuma ya nyumba yako Buswelu, na ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Sasa mvua na jua vinaila hiyo graniti pole pole. Felispa inaoza inakuwa udongo wa mfinyanzi, maji yanaubeba. Ulanga mweusi unapauka unageuka njano ya dhahabu, mwepesi, unapelekwa na kila wimbi, ndo aliouona mwanao. Kwatsi haiozi. Inabaki. Kwa hiyo mchanga mnaoukanyaga Kayenze sehemu kubwa ni kwatsi, na lile jiwe la saizi ya yai, mwanangu, mi nimeona mengi sana na nakwambia kwa moyo mweupe, lile ni kwatsi.

Lakini usiniamini mimi, pimeni wenyewe. Kuna kipimo cha ugumu alichokipanga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, kinaanzia 1 mpaka 10, na kikubwa kwenye kipimo hicho ni kimoja tu: kigumu kinakwaruza laini. Kucha yako ni kama 2 na nusu, kioo cha dirisha ni kama 5 na nusu, felispa 6, kwatsi 7, yakuti 9, almasi 10. Chukua msumari ukwaruze jiwe. Utaona mstari wa kijivu, usishtuke, lamba kidole uufute, kama umefutika basi ni chuma cha msumari ndo kimelika na siyo jiwe. Alafu chukua kipande cha chupa, jiwe likiikwaruza chupa, basi hilo jiwe lako siyo kipande cha chupa kilichosuguliwa na mawimbi (hivyo viko vingi sana karibu na mialo na watoto wanavipenda, vya kijani hasa). Mwisho nenda duka la vifaa vya ujenzi nunua msasa wa maji, ule mweusi, sugua jiwe mahali pasipoonekana. Msasa ule una ugumu zaidi ya 9. Kama umeacha alama kwenye jiwe, hiyo siyo almasi na mjadala umeisha, umetumia hela ya msasa tu.

Na kuhusu Mwadui kuwa hapo tu. Almasi ya Mwadui ilipatikana 1940 na yule mjiolojia wa Canada, John Williamson, na ilipatikana pale kwa sababu pale kuna mwamba wake, kimbalaiti, uliopanda kutoka chini zaidi ya kilomita 100 ukaja na almasi zake. Graniti ya Kayenze haina habari hizo. Alafu fikiria ukubwa. Karati moja ni gramu 0.2. Ile almasi ya pinki iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, ambayo Williamson alimzawadia Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, ilikuwa karati 54.5 kabla ya kukatwa, yaani kama gramu 11, na dunia nzima iliizungumzia. Almasi ya saizi ya yai ingekuwa zaidi ya karati 500. Huyo bwana wa laki mbili angekuwa anajua hilo asingekaa kusubiri laki mbili.

Kama bado mume anataka uhakika, ofisi ya Tume ya Madini ipo hapa Mwanza, nendeni na jiwe mkononi muulize, na kama mnataka maabara kabisa kuna Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma. Kote huko unalipia kipimo unapewa risiti. Na ombi langu moja, usimwambie shemeji mbele ya watoto kwamba kadanganywa. Wekeni msasa mezani, mpe yeye jiwe asugue. Aone mwenyewe. Na jiwe asilitupe mtu, mwanao kaokota kwatsi safi inayopitisha mwanga, hiyo kwenye ufukwe wetu siyo kitu cha kila siku.

SWALI: Mama habari za kazi. Nina mabinti wawili, wa miaka tisa na kumi na mbili, nataka niwe nawatoa kwenye simu kila Jumamosi twende kutafuta mawe upande wa Luchelele. Tubebe nini, twende saa ngapi, na tutarajie kupata nini? Baba wa mabinti, Nyegezi.

JIBU: Hongera sana baba, na nakuomba usiache hata wiki ikiwa na mvua maana mvua ndo rafiki yako. Baada ya mvua kubwa na siku mbili za upepo ziwa linapindua ufukwe, mchanga wa juu unaondoka kokoto zinabaki wazi. Nendeni asubuhi jua likishatoka vizuri lakini bado liko chini, na mtembee mkiwa mmeliangalia jua, siyo kulipa mgongo. Hili watu wengi hawalijui. Jiwe linalopitisha mwanga ukiwa na jua mbele yako linawaka kama taa ndogo kwenye mchanga, ukiwa na jua mgongoni linafanana na mengine yote. Msitembee wote sehemu moja, mmoja apite pale wimbi linapoishia, mwingine apite juu kwenye ule mstari wa kokoto ulioachwa na dhoruba iliyopita, mara nyingi huu wa juu ndo wenye mali.

Vitu vya kubeba ni vichache. Raba au viatu vya kufunga, siyo ndala, kule kuna ndoano na mifupa ya sangara. Dumu la maji kutoka nyumbani na beseni, sababu nitaisema kwenye swali linalofuata. Sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyokufa, mtoto akiipitisha kwenye mchanga mweusi inaota ndevu na hapo umeshamfundisha kwamba ule weusi ni chuma. Tochi ya simu (simu inatumika kwa kazi hiyo tu) unaweka jiwe juu yake ukiwa umeziba na mkono, unaona ndani kuna mawingu au kuna nyufa au kuna rangi. Na trei la mayai. Hilo la mwisho ndo nalisisitiza kuliko yote. Kila mtoto na trei lake, mashimo thelathini, mwisho wa siku kila shimo jiwe moja na yaliyozidi yanarudi ufukweni pale pale. Mtoto akijua ana nafasi thelathini tu anaanza kuchagua, na akianza kuchagua ndo anaanza kuona. Wajukuu zangu walikuwa wanajaza ndoo, nyumbani ndoo inakaa nyuma ya choo mwaka mzima hakuna anayeigusa. Siku nilipoleta trei, yule wa kike alikaa dakika nzima na mawe mawili mkononi, moja la pinki moja la moshi, anayageuza, analiweka hili anatoa lile, mpaka akaniuliza bibi hili la moshi limeunguzwa?

Swali zuri sana lile. Halijaunguzwa. Kwatsi ikikaa muda mrefu mno ndani ya mwamba wenye mionzi kidogo ya asili, na graniti inayo, inapata rangi ya moshi, kahawia kidogo, kama chai ya rangi iliyochujwa. Ile nyeupe kama maziwa ina vitone vidogo vya maji vilivyonaswa ndani tangu inaumbika, maelfu, ndo maana mwanga haupiti. Na ile ya zambarau watu wanaiita amethisti, nayo ni kwatsi hiyo hiyo ila ina chuma kidogo na ikapigwa na mionzi. Kwa hiyo mtarajie kwatsi ya kila namna, felispa ya pinki, na kama siku moja mtavuka daraja la Kigongo kwenda upande wa Sengerema na Geita mwamba unabadilika, kule kuna mawe ya mistari mistari, chuma na kwatsi laini zimepangwa kama khanga, nyekundu, kahawia, nyeusi. Ukikuta kipande kimezungushwa na maji kikawa laini utakipenda.

Tanzanite msitafute. Ile inatoka Mererani wilayani Simanjiro tu, tangu ilipotambuliwa 1967 haijapata mgodi mahali pengine duniani.

Na andikeni. Kijikaratasi, tarehe na mahali, kinakunjwa kinawekwa chini ya jiwe kwenye shimo lake. Jiwe lisilo na mahali lilipotoka ni kokoto.

SWALI: Mama Kokoto mimi ni bibi nalea wajukuu Igombe. Wanataka kila siku kwenda kutafuta mawe ziwani lakini naogopa kichocho na mamba. Nikiwazuia wananuna. Niwaruhusu?

JIBU: Dada yangu waruhusu, ila uende nao, na uniruhusu nikuandikie kirefu hapa maana hili limenigusa nyumbani kwangu.

Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka tisa nilimwacha aoshe mawe yake kwenye kijighuba chenye matete, maji yametulia, mazuri, mi nikiwa nimekaa kivulini na wenzangu. Alikaa pale labda nusu saa, saa sita mchana. Miezi ilipita akawa anachoka, tumbo linamuuma, nikasema mtoto anakwepa shule. Nilimchapa kwa hilo. Baadaye akaanza kutoa choo chenye damu ndo nikashtuka, tukapima, kichocho cha tumbo. Alitibiwa akapona, ni mtu mzima sasa, lakini zile fimbo sijazisahau.

Kwa hiyo sikiliza. Kichocho kinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, matete na magugu maji. Kinyesi cha mtu mgonjwa kinaingia ziwani, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinazaliana humo, alafu vinatoka vijidudu usivyoviona kwa macho vinatoboa ngozi yako ndani ya dakika chache tu. Vinatoka zaidi mchana jua likiwa kali. Ufukwe wazi unaopigwa na mawimbi, mchanga na mwamba bila majani, una hatari ndogo kuliko kijighuba cha matete, lakini usiseme hauna kabisa. Sheria ya nyumbani kwangu sasa hivi ni kwamba mawe tunatafuta pakavu. Miguu haiingii majini. Jiwe likitakiwa kulowekwa linalowekwa kwenye beseni kwa maji ya dumu tuliyokuja nayo, ndo maana nimemwambia baba wa Nyegezi abebe dumu.

Mtoto akiingia bahati mbaya mfute kwa taulo hapo hapo kwa nguvu, lakini kujifuta siyo dawa, usikae ukitegemea hilo. Andika tarehe. Ukienda kituo cha afya mwambie mtaalamu aliingia majini lini, kwa sababu dawa ya praziquantel inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga haimalizi vizuri, na hata kipimo cha choo hakioni mayai mpaka wiki kadhaa zipite. Na zile siku wanazogawa dawa shuleni, wanampima mtoto urefu kwa kijiti kujua ameze vidonge vingapi, usikubali mjukuu abaki nyumbani siku hiyo. Mlishe kwanza, dawa ile tumbo tupu inasumbua.

Mamba na viboko sina maneno mengi. Uliza wavuvi. Kila mwalo una watu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, wanajua mamba kaonekana wapi wiki hii, wasalimie, waambie tunakwenda na watoto kule, watakwambia nendeni au msiende, na wakisema msiende rudini nyumbani bila kubishana. Kiboko usiku anapanda kula majani, alfajiri anarudi majini, usiwe na watoto katikati ya njia yake giza likiwa bado halijaisha wala jioni likianza kuingia. Na wingu likijikusanya juu ya ziwa ondokeni kwenye miamba mirefu, radi za ziwa letu hazina mzaha.

SWALI: Mambo vipi mama. Mi kijana wa Kirumba, nimeona watu mtandaoni wanauza mawe ya ufukweni kwa hela nzuri. Nikichukua chekecheke na washikaji wawili tukachimba ufukweni tukauza kuna shida?

JIBU: Kuna shida mwanangu, na afadhali umeuliza kabla. Madini yote nchini ni mali ya Jamhuri, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inasema hivyo, kuchimba kunataka leseni, ipo leseni ya wachimbaji wadogo kwa ajili ya watu kama wewe, na kununua na kuuza madini nako kuna leseni yake. Mauzo yanapita kwenye masoko ya madini, la kwanza lilifunguliwa Geita mwaka 2019. Alafu kuna Sheria ya Mazingira ya 2004, mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zimelindwa. Mtoto kutembea na baba yake akainama akaokota kijiwe cha kumbukumbu ni jambo moja, vijana watatu na chekecheke na sepetu kwenye ufukwe ni jambo lingine kabisa, na ukichimba ufukwe mchanga unaondoka, ziwa linaingia kwa watu. Tuliona mwaka 2020 maji yalipopanda.

Kama mkono wako unapenda mawe, mi ningekushauri ujifunze kusugua na kukata. Kwatsi ya bei rahisi iliyokatwa vizuri ina mnunuzi, na fundi anakula kwa kazi ya mkono wake. Nenda Arusha ukaangalie, kuna kituo cha serikali cha mafunzo ya vito, wanafundisha kukata na kung'arisha.

SWALI: Je Saanane tunaweza kuokota?

JIBU: Hapana. Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, Rubondo nayo ni hifadhi. Humo unachukua picha. Hata kokoto moja huchukui.

SWALI: Mama, mimi ni mzee wa Ukara. Wageni wanakuja na watoto wao kutafuta mawe, wanapanda popote, wanachukua popote. Waambie watu wa mjini.

JIBU: Shikamoo mzee wangu, nawaambia. Jamani, Ukara ndo kule kwenye jiwe linalocheza, na hilo siyo jiwe pekee lenye wenyewe. Visiwani na hata huku bara kuna miamba ambayo ukoo fulani unaenda kutambika, kuna mawe madogo yamepangwa chini ya mti, hayakujipanga yenyewe. Ukifika kijiji usichokijua unaanza kwa mwenyekiti au kwa wazee, unasalimia, unasema umekuja na watoto kutafuta mawe ufukweni, unauliza wapi turuhusiwe wapi tusiguse. Watoto wawepo wakati unauliza. Nimefanya hivyo miaka mingi na sijawahi kufukuzwa, mara nyingi tumepewa mtoto wa kijiji wa kutuongoza, na huyo ndo anajua kokoto nzuri zilipo.

SWALI: Shikamoo bibi. Naitwa Neema nasoma darasa la tano. Niliokota jiwe ziwani lilikuwa linang'aa sana rangi ya pinki. Nilipofika nyumbani likawa limekauka likawa baya kama jiwe la barabarani. Nilitaka kumpa mama zawadi. Je limekufa?

JIBU: Marhaba Neema mjukuu wangu. Halijafa hata kidogo. Ni lile lile.

Lishike karibu na jicho ukiwa dirishani. Utaona juu yake kuna vikwaruzo vidogo vidogo sana, vimejaa kama vumbi, ndo kazi ya mchanga na mawimbi kulisugua kila siku. Mwanga ukifika pale unatawanyika hovyo hauingii ndani, kwa hiyo unaona weupe mchafu tu. Ziwani maji yalikuwa yamejaza vile vikwaruzo vyote, juu pakawa laini, mwanga ukaingia mpaka ndani ukarudi na ile rangi ya pinki uliyoipenda. Dondosha tone moja la maji sasa hivi uone, linarudi.

Sasa mwombe baba au anko akununulie msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia mafundi rangi wa magari, vipande vinne, namba 220, 400, 600 na 1000. Weka beseni la maji ya bomba, chovya jiwe, chovya msasa, usugue vyote vikiwa vimelowa, usisugue pakavu hata siku moja maana vumbi la jiwe ni baya kwa mapafu. Anza na 220 upande mmoja tu, chagua upande mzuri. Utasugua sana. Mkono utachoka, pumzika, endelea kesho. Vikwaruzo vya ziwa vikiisha vikabaki vya msasa tu ndo uende 400, suuza jiwe na beseni kwanza ili mchanga wa msasa wa zamani usibaki, alafu 600, alafu 1000. Jiwe la namna hiyo ni gumu kwa hiyo linaweza kukuchukua wiki nzima, kidogo kidogo ukimaliza homework. Mwisho lisugue na kitambaa cha jinzi kilicholowa.

Usimpe mama bado. Likaushe kabisa, liweke dirishani usiku, asubuhi ulitazame kwa jua likiwa kavu. Kama ule upande unaonyesha pinki bila maji, mpe. Kama bado una ukungu, rudi namba 600. Na uniandikie ulichokiona ndani yake, mara nyingi kuna kitu.